Meno ya Mzee Severini

Juma lililopita niling'olewa jino. Si la pembeni, lile ambalo mtu unaweza kulificha, ni la mbele, la juu, na daktari kijana aliyelitoa alinipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani. "Bibi, umekaa nalo sana hili." Nikarudi nyumbani nimefunika mdomo kwa ncha ya kanga, nikaketi kitandani, na ulimi ukawa hauna kazi nyingine ila kwenda kwenye pengo na kurudi. Ninyi wa rika langu mnaujua mchezo huo. Nilidhani nitalisikitikia jino langu, lakini kilichonijia ni hasira, tena hasira ya zamani kabisa, ya Ifakara, ya mashine ya mpunga na watu wake. Nitaieleza nikiwa nayo hivi hivi, maana nikingoja ipoe nitakufa nayo.

Mashine yenyewe ilikuwa Kibaoni, si mbali na nyumba tuliyopanga mimi na mama. Mwenye mashine alikuwa Mhindi, tukimwita tajiri, na sikumbuki kama niliwahi kusikia jina lake likitajwa. Injini ilikaa ndani ya banda la mabati, mkanda wake mrefu ukizunguka, sakafu ikitetemeka mpaka kwenye nyayo. Nyuma ya banda ndipo pumba zilipotemwa, lundo likikua tangu asubuhi hadi jioni, na vumbi lake lilikuwa na harufu kavu ya kuwasha koo ambayo iliingia kwenye nywele na haikutoka hata kwa sabuni. Wanaume walikuwa upande wa mbele, kwenye injini, kwenye mizani na mlangoni. Wanawake walikuwa uani, juu ya mikeka, na nyungo zao, wakipepeta na kuchagua mawe. Mwanamume akishaajiriwa pale alikuwa ameajiriwa. Mwanamke alichaguliwa upya kila asubuhi. Mnyapara, jina lake Apolinari, alisimama getini akinyoosha kidole, wewe, wewe na wewe, na asiyenyooshewa alirudi nyumbani na ungo wake kichwani. Mama alikuwa hodari, mara nyingi alichaguliwa, lakini kila asubuhi nilimwona akivuta pumzi kabla ya kufika pale getini.

Baba alikuwa amekwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge, misimu miwili ilikuwa imepita, na barua yake ya mwisho ilikuwa imesomwa mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Sasa niwaeleze kazi ya mlangoni, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote. Mkulima alipofika na magunia yake, awe ametoka Kisawasawa kwa miguu au amevuka mto kwa mtumbwi, alikutana kwanza na mpokezi. Mpokezi alishika bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji ndani, akalichoma gunia, na mpunga ukateremka kiganjani mwake. Alisugua punje chache, akapuliza maganda, akaiweka moja kati ya meno ya mbele na kuuma. Mpunga mbichi unapondeka bila sauti. Uliokauka kupita kiasi unasambaratika. Ule wenyewe unakatika vipande viwili safi, ka, basi. Ukipokea mbichi, mashine inakaba na mchele unatoka chenga tupu. Ukipokea uliokauka mno, chenga vilevile. Kwa hiyo mpokezi ndiye aliyemwambia mkulima mtu mzima, baba wa watoto, arudi nyumbani akaanike tena, na mkulima alirudi. Injini iwe nzuri namna gani, bila mpokezi ilikuwa kelele tu.

Mpokezi wa zamani alikuwa Mzee Severini, mtu wa upande wa Mahenge, mpole, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote. Sifa zake zilifika mbali. Watu walisema mzee yule hajawahi kukosea punje. Kitu ambacho hawakukijua ni kwamba mzee yule hakuwa na meno. Alibakiwa na mawili ya chini, na hayo yalikuwa ya kutafunia ugali tu, kwa hiyo kila asubuhi alimwomba mnyapara mkeka wa mama utandikwe karibu na mwimo wa mlango, upande wa uani, eti anapepeta vizuri na vumbi lake halimsumbui mtu. Mkulima alipofungua gunia, mzee alipeleka mkono mmoja mgongoni, na kiganjani mlikuwa na punje kadhaa. Mama alizichukua, akauma, akatema, kisha akagonga ungo kwa ukucha. Mara moja, pokea. Mara mbili, arudi nao. Mzee naye alitafuna kwa fizi, akatazama juu kidogo, halafu akatoa hukumu.

"Huu bado, bwana. Kauanike siku mbili."

Ule mtazamo wake wa kutazama juu uliwatisha wakulima kweli kweli. Kumbe alikuwa anasikiliza ukucha wa mama yangu.

Hayo ninayajua leo. Wakati ule nilikuwa na miaka kama minane, nikitoka kwenye mafundisho ya kanisani nilikwenda kukaa na mama uani kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu. Na nilichokiona mimi ni mzee mmoja mwenye huruma akimpa mama mchele kwa siri, na mama akiutafuna mbichi, na kutema mate. Kutafuna na kutema, kutwa nzima. Nilikuwa nimeshaona mtu mwingine akifanya hivyo. Mama Agnela, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mjamzito, na mfuko wa gauni lake haukukosa mchele mbichi na vipande vya udongo wa kichuguu. Alitafuna, akatema, akatafuna tena, na wanawake waliopita walimtilia mchele kiganjani wakicheka, "Mpe mtoto anachotaka." Basi mimi nikajumlisha. Sikumuuliza mama, kwa sababu nilijua mambo hayo watu wazima huyaficha mpaka mtoto aonekane. Nilifurahi peke yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa pekee.

Msimu wa mavuno ulipoanza, Mzee Severini aliamua kurudi kwao. Miguu ilikuwa imemchoka. Apolinari alikuwa na shemeji yake, Dismas, kijana mtanashati, na tayari alishaanza kumleta kuzungukazunguka pale mlangoni. Lakini mzee, siku aliyokwenda kuaga, alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alimwambia tajiri ukweli mbele ya watu.

"Tajiri, mimi meno yangu yalikwisha zamani. Meno uliyokuwa ukiyaona ni ya huyu binti yangu hapa. Ukitaka mchele wako uendelee kutoka mzima, msimamishe yeye."

Apolinari alicheka kwa nguvu. Tajiri hakucheka. Alikuwa mtu wa kupenda mchele mzima kuliko kitu chochote duniani.

"Nani anauma si shauri yangu," alisema. "Wiki moja asimame mlangoni. Akiweza, Jumamosi mlango wake."

Mama akasimama mlangoni wiki ile akiwa na bambo mkononi, na mtu angedhani alizaliwa nalo. Nakumbuka mkulima mmoja wa Lumemo alifika, akamtazama, akatazama nyuma yake, akatazama tena pembeni.

"Mama, samahani, mpokezi yuko wapi?"

"Fungua gunia, baba."

"Namtaka mpokezi."

"Ndiyo, baba. Fungua gunia."

Akafungua. Mama akachoma, akauma, akamwambia gunia la kwanza na la tatu yako sawa, la pili limelala chini kwenye sakafu ya udongo, kwa hiyo tako lake lina unyevu. Yule bwana akakubali kwamba kweli lilikuwa chini. Wiki nzima ilikwenda hivyo. Wengine walinuna, wengine walimwita kila jina isipokuwa la kazi yake, lakini mchele ulitoka mweupe na mrefu, na wanaume wa kwenye mashine walianza kuuchota viganjani na kuonyeshana.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa uani namtazama mama akitafuna sasa mbele za watu, bila kujificha, akitema mate kila baada ya gunia, na jioni akishika kiuno kwa kuchoka kusimama. Nikaona mambo yamekaribia. Nikaona wamemtoa kwenye mkeka kwa sababu kukaa chini kunamsumbua. Kichwa cha mtoto kikishapata jibu, kila kitu kinakuja kulitumikia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye mafundisho. Katekista alikuwa na desturi ya kumaliza kwa kumtaka kila mtoto ataje nia yake, yaani anamwombea nani. Watoto waliwaombea bibi zao, mbuzi wao, mvua. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafumba macho kama tulivyofundishwa, nikasema kwa sauti:

"Namwombea mama yangu, mtoto aliye tumboni azaliwe salama, na awe wa kiume."

Nikafumbua jicho moja.

"Skola," katekista aliniita taratibu, "baba yako amerudi lini?"

"Hajarudi, mwalimu."

Sikuona ubaya wowote katika jibu lile. Nilishangaa tu kwamba hakusema "Tuombe," kama alivyosema kwa wengine. Kwenye benchi la nyuma yangu alikaa mtoto wa Apolinari.

Nilipofika mashineni mchana, habari ilikuwa imenitangulia. Injini ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kutia mafuta, na tajiri amesimama mlangoni, Apolinari kando yake, na mama mbele yao ameshika bambo. Wanawake wa uani walikuwa wamesimamisha nyungo.

"Mumewe hayupo misimu miwili, tajiri," Apolinari alikuwa anasema. "Na leo mtoto wake mwenyewe amesema kanisani. Kesho wakulima watakataa mpunga wao kushikwa na mtu wa namna hii. Mimi naongea kwa faida yako."

Tajiri alimtazama mama tumboni. Aliona haya, akaondoa macho, akatazama tena.

"Ni kweli, Mama Skola?"

"Mpunga wa wiki hii umetoka vipi, tajiri?"

"Mzuri. Lakini nakuuliza jambo lingine."

"Mimi nimejibu la kazi."

Angesema "hapana." Mwenzenu nilitumia miaka, naapa, miaka mingi ya utu uzima, nikikasirika kwa sababu ya neno lile moja ambalo mama hakulitamka. Hapana, tajiri, sina mimba, mtoto amekosea. Lingechukua muda gani? Lakini mama alinyamaza akimtazama usoni, na tajiri, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu asiyependa kelele, akasema maneno ambayo watu wa namna yake husema.

"Basi tusubiri. Tuone."

Dismas alikuwa tayari pale kando, amevaa shati safi. Apolinari alilichukua bambo mkononi mwa mama na kumkabidhi. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamshika mama mkono tukirudi nyumbani nikifurahi kimoyomoyo kwamba tajiri amemhurumia, amempumzisha hadi mtoto azaliwe.

Siku ya pili yake katekista alikuja nyumbani. Mama akanituma maji, nami nikachota nusu ndoo na kurudi mbio, nikajibanza ukutani. Katekista alizungumza kwa upole sana. Kwamba yeye hahukumu. Kwamba kuna sista mkunga pale misheni, mama aende tu akapimwe, sista aandike neno moja, na maneno ya watu yataisha siku hiyo hiyo, hata kazi atarudishiwa. Ila mpaka hapo, asije mbele kukomunika, asipokee Ekaristi.

"Apolinari akisema kesho kwamba mimi ni mwizi, nitapimwa wapi?" mama aliuliza.

"Hayo ni mambo tofauti, mama."

"Mwalimu, nakushukuru kwa kuja. Lakini mimi si gunia."

Kuanzia hapo kila Jumapili mama alikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki amepiga magoti peke yake. Nilikaa naye. Nilidhani wajawazito ndivyo wanavyofanya.

Msimu ule ulikuwa mrefu. Apolinari alimchagua mama siku mbili, akamruka ya tatu, akamchagua, akamruka. Kila asubuhi, kabla ya kunyoosha kidole, macho yake yalishuka tumboni mwa mama na kukaa pale, bila haya, mbele ya wanawake wote. Na mama hakufunga kanga mbili, hakuvuta gauni, hakuinamisha ungo mbele yake. Alisimama vilevile. Mimi nyumbani nilikuwa nimegeuka mkunga. Nilimkataza kuinama, nilimbebea ndoo, nilimwachia kipande kikubwa cha samaki. "We Skola, unaumwa?" aliniuliza siku moja, nami nikamwambia siumwi, ninamtunza. Akacheka, akanikumbatia. Tumbo halikukua, nami nikaongeza sala.

Dismas alikuwa na meno yote, meupe, yamejipanga, na hayakumsaidia lolote. Aliuma punje, akasema nzuri, na mpunga mbichi ukaingia mashineni na kukaba. Aliuma nyingine, akaikataa, na mkulima akaondoka na mpunga mkavu safi kabisa akaupeleka kwa mtu mwingine. Apolinari alipoona hivyo, akauhamishia mkeka wa mama palepale karibu na mwimo, na asubuhi hiyo Dismas akapeleka mkono mgongoni, kiganja wazi, na punje ndani yake.

Mama hakunyanyua mkono.

Dismas alitingisha vidole. Punje zikadondoka juu ya mkeka. Mama akaziokota moja moja, akazitupa pamoja na mawe.

"Mama Skola, unaringa?" Apolinari alimsimamia kichwani.

"Nachagua mawe, mnyapara. Ndiyo kazi uliyonipa."

Wiki ile alimruka siku zote. Tulikula mboga ya majani na chumvi, na Mama Agnela alituletea unga. Nilimsikia akimsihi mama upande wa pili wa ukuta, dada, kwani unapungukiwa nini ukiwagongea tu huo ungo? Mama akajibu kwamba Mzee Severini alikuwa mzee na alikuwa amemwomba. Hawa hawajaomba.

Mama Agnela akajifungua. Mtoto wa kike, mnene, mwenye nywele nyingi. Nilikwenda kumwona, nikapewa nimshike, na nikiwa nimejawa na wivu nikauliza, "Wa kwetu atazaliwa lini?"

"Wenu yupi?"

"Wa mama. Si anatafuna mchele mbichi kama wewe?"

Mama Agnela alianza kucheka, cheko likakatika katikati. Akamchukua mtoto wake mikononi mwangu.

"Skola mwanangu, mama yako anauma mpunga ili aujue kama umekauka. Ile ni kazi. Hana mimba. Na kwa kuwa baba yako hayupo, ulipowaambia watu ana mimba, ulimwambia kila mtu kwamba mama yako ana mwanamume mwingine. Ndiyo maana wamemnyang'anya mlango."

Alinieleza bila ukali, na kila kitu cha msimu mzima kikageuka ndani ya kichwa changu, katekista, benchi la nyuma, macho ya Apolinari, unga wa kuazima. Nilitaka kukimbia kwenda kumwambia mama, lakini nilipofika nyumbani nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji. Siku zikapita, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya kesho yake kuwa ngumu zaidi.

Mpunga wa mwisho wa msimu ulipokuwa unavushwa kabla ya mvua, mashine ilikuwa inakaba karibu kila siku. Mchele uliokwenda Morogoro ulikuwa ukirudi na maneno makali. Siku moja, injini imezimwa tena, wanaume wawili wamejipinda chini yake wakitoa uchafu kwa vidole, tajiri alitoka mbele akazunguka hadi uani, mahali ambapo sikuwahi kumwona akifika. Alisimama mbele ya mkeka wa mama. Alikuwa ameshika mpunga kiganjani, akaumwaga juu ya ungo wake.

"Mama Skola, huu vipi?"

Mama aliutazama. Hakuugusa.

"Mpunga unapokelewa mlangoni, tajiri."

Tajiri alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la pumba. Nilidhani atamfukuza, na nadhani hata yeye alifikiri hivyo kwa muda.

"Basi njoo mlangoni," alisema.

Mama akainuka, akakung'uta gauni. Alipofika mbele, Dismas alimpa bambo bila kumtazama, na Apolinari akapiga makofi mawili kwa uchangamfu, kama bwana harusi.

"Na sisi tumeshaona kwamba hana kitu!" alitangaza. "Tumesubiri, tumeona. Mambo yamekwisha."

Wanaume wakaitikia kwamba ndiyo, mambo yamekwisha, na nikawaona wote, kuanzia wa mizani hadi wa injini, wakitazama tumbo la mama na kuridhika. Hapo ndipo panaponichoma. Mchele wao wa msimu mzima ulikuwa umekuwa chenga, mtu pekee aliyeweza kuuokoa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka mlangoni akichagua mawe, na walichokuwa wanakipitisha ni tumbo. Hakuna aliyesema samahani. Dismas, aliyeharibu mpunga wa bonde zima, alipandishwa akawa wa mizani, akapewa kiti. Katekista alimwambia mama anaweza kukomunika, naye akamshukuru, akaendelea kukaa benchi la nyuma kwa sababu, alisema, alishalizoea.

Mlango aliukalia miaka mingi. Wakulima wa Kisawasawa na wa ng'ambo ya mto walikuja kumjua, wakaacha kutazama nyuma yake, na ilifika wakati mtu akisema "mpokezi" Kibaoni hakuongeza neno. Aliwafundisha kuuma wanawake wawili wa uani, mchana, hadharani, na Apolinari hakuthubutu kuuliza.

Lakini mimi bado nilikuwa na mzigo wangu. Niliutua Jumapili ya kwanza baada ya yeye kurudi mlangoni, tulipokwenda mtoni Lumemo kufua. Tulikuwa tumebakiza shuka kubwa, yeye amesimama majini hadi magotini.

"Mama, ni mimi niliyesema una mimba."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ile. Apolinari alilisema mbele yangu hata kabla hujafika. Mtoto wangu ni mmoja tu, Skola."

Nikaanza kulia, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilimwuliza kwa nini basi hakuwaambia. Kwa nini hakusema mtoto amekosea, kwa nini hakwenda kwa sista asubuhi moja tu, tukala unga wa watu msimu mzima. Nilimpigia kelele mama yangu mpaka wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini wakageuka. Alinisubiri nimalize.

"Ningewaambia sina," alisema, "wangenipa mlango kwa sababu sina." Alilivuta shuka kutoka majini, zito, likidondosha. "Na kama ningekuwa nayo kweli, Skola, ningeshindwa kuujua mpunga?"

Akanitupia ncha ya pili ya shuka, nami nikaishika, nikaikamua kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimeuma midomo, hadi akaniambia nipunguze, nitalichana.